Chumba cha wageni nataka kiwe darasa. Mama mkwe atalala wapi?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Soweto, hapa Moshi mjini, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Binti ana miaka minane, Januari anaingia darasa la tatu. Mdogo wake wa kiume ana mitano. Mume wangu anaongoza wageni mlimani. Akipanda nao kwa njia ya Lemosho anapotea wiki nzima. Mimi nilisomea ualimu na nikafundisha shule ya msingi, nikaacha nilipomzaa huyu mdogo. Siku hizi nashona. Cherehani iko sebuleni na namshukuru Mungu wateja hawakosi.

Shangazi, mambo yalianza na basi la shule. Binti anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza iliyo nje ya mji. Basi linazunguka mitaa yote kuchukua watoto, na sisi ndio wa kwanza kupitiwa. Namwamsha saa kumi na nusu usiku. Saa kumi na moja na robo yuko barabarani na sweta lake, giza bado halijaondoka. Jioni ananirudia karibu saa kumi na mbili, na begi lina kazi za kufanya nyumbani. Kuna siku amesinzia na kijiko kiko mdomoni. Juzi mwalimu wake kaandika kwenye daftari kwamba mtoto analala darasani. Nilisoma yale maandishi nikatamani kulia.

Sasa mwezi wa nane nilipeleka mapazia kwa familia moja ya Wazungu kule Shanty Town. Watoto wao watatu hawaendi shule, mama yao anawafundisha mwenyewe, na chumba kizima cha nyumba wamekifanya darasa. Ramani ya dunia imejaza ukuta, rafu zina vitabu mpaka juu, kila mtoto ana meza yake, chini kapeti. Saa nne asubuhi watoto wale walikuwa wameshamaliza hesabu na wanakula ndizi. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimeangalia video za vyumba vya namna hiyo mpaka bando linaisha.

Chumba tunacho. Ni cha wageni, futi kumi kwa kumi na mbili, dirisha moja linatazama magharibi. Kina kitanda cha tano kwa sita, kabati la nguo na maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu tuhamie. Nimejiwekea milioni mbili na nusu za ushonaji. Mpango wangu ni kutoa kitanda, kupaka kuta mbili bluu na mbili njano, kujaza picha za herufi na wanyama, kuweka ubao wa chaki, meza mbili na kapeti.

Tatizo ni kwamba kile chumba nyumbani tunakiita chumba cha Bibi. Mama mkwe wangu anakaa Rombo, ana presha ya macho, na kila baada ya miezi michache anashuka kliniki KCMC. Akija analala kwetu siku mbili tatu, wakati mwingine wiki. Nilipomweleza mume wangu mpango, aliuliza neno moja tu: "Mama atalala wapi?" Nikamjibu atalala na binti. Akanyamaza. Wifi yangu akasikia, sijui kwa nani, na kesho yake mama akapiga simu: "Nimesikia mnanitoa. Au nitalala na ubao?" Alisema akicheka, lakini tangu hapo akipiga anaomba apewe mwanawe. Kliniki yake nyingine ni mwezi wa tatu.

Sitaki ugomvi na mama wa watu, ila watoto wangu nao wananiuma. Nifanyeje, na chumba chenyewe nikipange vipi?

Mama Wawili, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na usingizi, maana ndio uliokufanya uandike. Hujaniambia kwamba binti hafundishwi, wala kwamba anaonewa, wala kwamba anaichukia shule. Umeniambia habari za saa kumi na nusu usiku. Mtoto wa miaka minane anatakiwa kulala kwa muda wa saa tisa hadi kumi na mbili kwa siku. Wako akirudi jioni, akaoga, akala, akafanya kazi za shule na kulala saa tatu, mpaka unapomwamsha amepata saa saba na nusu. Hiyo ndiyo inayomlaza darasani. Ungempeleka kwenye lile darasa la Shanty Town na usingizi huo, angelala kwenye kapeti la watu.

Kwa hiyo kabla hujamwita fundi rangi, toka nyumbani kwako utembee. Shule zipi ziko ndani ya dakika ishirini kwa miguu, za Manispaa na za binafsi? Nenda siku ya masomo, simama dirishani kama mwalimu mkuu atakuruhusu, tazama madaftari yanavyosahihishwa. Wewe ni mwalimu, macho ya kuona hilo unayo. Najua utaniambia madarasa ya serikali yamejaa na binti ameshazoea Kiingereza. Ni kweli, na sikwambii ni jambo dogo. Lakini mtoto anayerudi mchana akiwa na nguvu, kwa mama aliyesomea kufundisha, kile ambacho mwalimu wa watoto sabini hakufika nacho kitafika jioni. Na ukihama sasa anapoingia la tatu unapata mwaka mzima wa kuzoea kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne.

Ama lile la kumtoa shule kabisa, hapo nataka unisikilize vizuri. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inamtaka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi, na inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha anahudhuria. Wale uliowashonea mapazia wanafuata mtaala wa kwao, na huko kwao ndiko watoto wao watakakofanyia mitihani. Wako njia yake inapita Baraza la Mitihani la hapa, na kwa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mtoto husajiliwa kupitia shule. Ana namba yake ya PReM, yaani ya kumbukumbu zake za mwanafunzi, inayomfuata akihama kwa taratibu. Ukimweka nyumbani kimyakimya bila barua ya uhamisho, kwenye vitabu vya shule atakuwa mtoro, na siku utakapotaka kumrudisha utaanza kufukuzana na makaratasi. Kama moyo wako bado uko hukohuko, nenda kwa Afisa Elimu Kata mwezi huu umweleze mwenyewe. Usingoje yeye aje kugonga. Na usije ukaanza kupokea watoto wa jirani kwa ada. Hapo utakuwa umefungua shule, na shule husajiliwa.

Halafu kuna jambo ambalo umelipita haraka. Januari ni msimu wa sare. Nani atakaa kwenye cherehani na nani atakaa na daftari, wakati mteja yuko mlangoni na suruali ya mtoto wake haina zipu? Mama yule wa Shanty Town sidhani kama anashona.

Basi rai yangu ni hii: shule ya karibu kwa binti, na chumba kwa ajili ya mchana, jioni na likizo. Mdogo wa miaka mitano anaweza kukitumia asubuhi kwa vipindi vifupi vya robo saa, kisha acheze nje. Chumba chenyewe nakiunga mkono kabisa. Mtoto akipata mahali pake pa kusomea, penye taa na meza ambayo hakuna anayeitandika sahani, ni jambo kubwa. Ila kitanda hakitoki.

Njoo sasa kwenye kuta. Achana na bluu na njano. Nyeupe au krimu inarudisha mwanga ndani, na chumba chenye dirisha moja kinauhitaji. Sehemu ya chini, mpaka usawa wa kifua cha binti, paka rangi ya mafuta ya krimu hiyohiyo ili mikono ifutike kwa kitambaa chenye maji. Juu rangi ya maji inatosha. Dukani omba rangi isiyo na risasi, maana risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo, na kama nyumba ni ya zamani na ukuta una rangi ya mafuta inayobanduka, fundi asiisugue kwa msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Chini ya dirisha papase ukuta kabla ya kitu chochote. Ukikuta malengelenge au unga mweupe, maji yanaingia kutoka nje. Ziba huko kwanza, la sivyo masika ya mwezi wa tatu na wa nne yataivua rangi yako yote. Hukuniambia kama kuna dari. Kama hakuna, hiyo ndiyo fedha ya kwanza kutoka, kwa sababu mvua ikipiga bati utafundisha kwa ishara.

Na hizo picha za herufi na wanyama, punguza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani waliwafundisha watoto wa chekechea katika darasa lenye kuta zilizojaa mapambo, kisha katika darasa hilohilo kuta zikiwa tupu. Kuta zilipojaa, watoto walikuwa wanatangatanga kwa macho na walichokishika kilikuwa pungufu. Weka ramani ya Tanzania, weka kitu kimoja mnachosoma wiki hiyo, na wiki ikiisha kitoe. Zile video zinatengenezwa zipendeze kwenye simu.

Dirisha lako la magharibi lina faida na lina kero. Kero ni kwamba kuanzia saa tisa alasiri jua litaingia moja kwa moja, na huo ndio wakati binti atakuwa mezani. Januari na Februari hapa Moshi utalijua. Shona pazia jeupe jepesi linalopitisha mwanga na kuzuia makali, wala usiweke lile zito la sebuleni. Kwa nje, bati la kivuli juu ya dirisha au karakara wa kutambaa kwenye waya vitasaidia. Faida yake ni hii: meza ukiiweka kwenye ukuta wa kaskazini, mtoto akikaa ameuelekea ukuta huo, dirisha linakuwa kushoto kwake. Anayeandika kwa mkono wa kulia anataka mwanga utoke kushoto ili kivuli cha mkono kisianguke kwenye daftari. Kama kuna anayetumia kushoto, yeye meza yake iende ukuta wa kusini. Asikae mtoto kulikabili dirisha, wala asilipe mgongo.

Meza mbili za nini? Agiza moja ndefu, futi sita, watoto wakae ubavu kwa ubavu nawe upate pa kuvuta stuli katikati yao. Kwa fundi seremala mbao za saipresi zinatosha. Mwambie aifunge ukutani kwa bawaba, na miguu yake ikunjwe, ili siku Bibi yupo meza inalala ukutani na chumba kinabaki chumba. Urefu wake kwenda juu usimwachie fundi akadirie, maana atakutengenezea ya watu wazima, kama zilivyo meza nyingi za majumbani, na mtoto ataandika mabega yakiwa masikioni. Kwa mtoto wa sentimita mia na ishirini na kitu, kiti ni cha sentimita 31 hadi 35, na meza ni 53 hadi 59. Pima binti yako, uchague huko juu kwa sababu anakua. Mdogo mpe mto wa kukalia na kiboksi cha kukanyagia. Unachotafuta ni nyayo zimetulia, magoti yamekunjika vizuri, na viwiko viko usawa wa meza.

Ubao wa chaki hapana. Hapa ndipo darasa lako na kliniki ya mama mkwe vinapokutana. Mtu mwenye presha ya macho anayeweka dawa ya matone kila siku hawezi kulala kwenye vumbi la chaki, na hata bila yeye vumbi hilo lingeingia kwenye nguo za wateja wako. Nunua ubao mweupe wa kalamu za kufutika, mdogo tu, unaoweza kuushusha.

Pia ujue ugonjwa ule unavyofanya kazi. Presha ya macho kwa kawaida humega uoni wa pembeni kwanza. Mgonjwa anakuona usoni vizuri kabisa, lakini stuli iliyo ubavuni mwake haioni mpaka aigonge. Sasa fikiria chumba kilichojaa meza, viti na waya wa eksitensheni sakafuni, na mama anaamka usiku kwenda chooni. Kwa hiyo kutoka kitandani mpaka mlangoni pawe wazi siku zote, hata kama hayupo, ili watoto wazoee. Waya zipite ukutani. Kapeti ndogo zinazoteleza usiweke. Mkeka wa kukunja unatosha, mkimaliza unasimamishwa nyuma ya mlango. Na taa ndogo ya usiku karibu na swichi. Hata mpango wa kumlaza na binti sikubaliani nao, kwa sababu hiyohiyo: mwenye dawa za saa maalumu anahitaji taa yake na meza yake ya kuwekea chupa bila mtu kulalamika.

Kitanda cha tano kwa sita kinakula robo ya chumba. Cha tatu na nusu kwa sita kingemtosha mtu mmoja, kikasukumwa ukuta wa kusini, na mchana watoto wakakitumia kusomea hadithi. Lakini hilo usiamue wewe. Litamkwe na mwenye kitanda. Akisema anataka kikubwa, kibaki kikubwa, na meza iwe ya futi tano.

Kabati la nguo lililopo linaweza kubaki. Mwambie fundi aligawe: upande mmoja rafu za madaftari, rangi na vitabu, upande mwingine pa kutundika nguo za Bibi. Muhimu liwe na milango inayofungwa. Darasa la wazi, lenye rafu za kuonekana, linapendeza kwa wale wenye chumba cha ziada. Nyie vitu vyenu vinahitaji kupotea ndani ya dakika tano. Maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu mhamie, yafungue, na ninavyowajua watu, nusu yake itaishia kwa muuza vyuma chakavu.

Vitabu usivinunue ovyo mitumba. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na binti yako anaingia la tatu. Sasa kuna Historia ya Tanzania na Maadili, kuna Jiografia na Mazingira, kuna Sanaa na Michezo. Hata kama bado una vitabu vyako vya ualimu ulivyotunza, vingine havitafaa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, unaweza kuvisoma kwa kishikwambi au simu. Vya hadithi kajiandikishe Maktaba ya Mkoa hapo mjini, uwe unawapeleka Jumamosi. Ukitoka huko kuna jengo la KNCU. Wasimulie jinsi Wachagga walivyoanzisha ushirika wa kahawa mwaka 1933. Na Jiografia una mwalimu ndani ya nyumba. Mtu anayepita mashamba, msitu, nyasi za juu, jangwa la mawe na barafu mpaka mita 5,895, na kuipita njia hiyo tena mwezi unaofuata, aombwe tu akae na wanawe jioni moja na penseli.

Naye huyo baba ndiye atakayezungumza na mama yake. Wewe umesemewa na wifi bila kumtuma, na kama ningekuwa mimi ndiye mama, ningeumia zaidi kwa kusikia habari za chumba changu kutoka kwa binti yangu kuliko kwa kitanda chenyewe. Sasa hivi Novemba, mvua za vuli zinanyesha na mlima umepoa, mumeo ana nafasi. Katikati ya Desemba wageni wakianza kumiminika hutampata mpaka Februari. Apande Rombo wiki hii au ijayo, akae na mama, amwambie chumba ni chake na kitabaki chake, na kwamba watoto wanaomba kukitumia asipokuwepo. Amuulize kitanda anataka kikae wapi na taa anataka upande gani. Wewe Krismasi mkipanda na watoto, hata kama mumeo yuko mlimani, usilianzishe tena kwa kujitetea. Mpelekee shuka alizoshona mkwewe kwa ajili ya kitanda kile, yeye atajua la kusema. Wifi mwache, atazisikia habari nzuri kwa njia ileile aliyozisikia mbaya.

Jambo moja nje ya swali lako, na samahani kwa kuingilia. Presha ya macho hutembea katika familia. Mtoto wa mwenye ugonjwa huo yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtu mwingine, na mwanzoni haumi wala hauonekani. Mumeo hajakwambia kama amewahi kupimwa? Mwezi wa tatu akimsindikiza mama KCMC, naye aombe apimwe. Kazi yake ni ya kutazama anapoweka mguu.

Kuhusu milioni mbili na nusu, usiziweke zote chumbani. Kama kuna dari ya kuweka, anza nayo. Kisha meza, rangi, marekebisho ya kabati, taa nzuri ya LED juu ya meza na nyingine ya sola kwa siku ambazo umeme umekatika. Itakayobaki iweke kwa ajili ya sare na madaftari ya shule mpya, na kama utabaki na ile ya zamani, ulizia kwanza kama basi linaweza kuzungusha njia upande wa pili ili nyie muwe wa mwisho kupitiwa asubuhi. Wazazi wengi hawaulizi.

Fundi seremala mpe kazi mapema Januari, kabla hujazamishwa na sare. Akimaliza, asugue kingo zote za meza mpaka ziwe laini, hasa ile pembe inayotazama kitanda, ndipo apake vanishi. Vanishi inanuka siku nyingi kwenye chumba chenye dirisha moja, kwa hiyo ipakwe nje uani, na iwe imekauka kabisa kabla ya kliniki ya mwezi wa tatu.

Shangazi